Nyumba ya Mwendwa na Kura za Kitui

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974, wapiga kura wa Kitui walitoa hukumu mbili juu ya nyumba moja, na hukumu hizo hazikufanana. Walimwangusha Eliud Ngala Mwendwa, mwana wa Chifu Mkuu Mwendwa wa Kitavi wa Matinyani, aliyekuwa Waziri wa Kazi tangu serikali ya madaraka ya 1963. Na wakati uo huo, katika jimbo la Kitui Magharibi, walimpeleka bungeni Winfred Nyiva Mwendwa, mke wa Kitili, nduguye Ngala. Mwana wa chifu akarudi nyumbani, na mwanamke aliyeolewa katika ukoo wa chifu akaondoka kwenda kuketi Nairobi. Atakaye kuijua historia ya nasaba hii, ambayo kwa muda wa nusu karne ilitajwa kila yalipotajwa mambo makubwa ya Kitui, na aanzie hapo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Desemba 1974, Nelson Rockefeller aliapishwa kuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Babu yake, John D. Rockefeller, alijipatia kwa biashara ya mafuta ukwasi ambao dunia ilikuwa haijaona mfano wake, na mjukuu, pamoja na ukwasi huo, alikuwa gavana wa New York tangu 1959 hadi 1973. Walakini urais, alioutamani kupita vyote, ulimkataa: mwaka 1960, na 1964, na 1968 alitaka chama chake cha Republican kimsimamishe, na mara zote tatu chama kikamchagua mwingine. Hata umakamu wenyewe hakuupata kwa kura za raia, bali kwa uteuzi wa Gerald Ford na idhini ya Bunge. Mtoto wa nduguye, Jay Rockefeller, alipotaka ugavana wa jimbo maskini la West Virginia mwaka 1972, alishindwa, na ilimlazimu kungoja hadi 1976 ndipo akaupata. Kumbe mali ya ukoo, hata ikiwa nyingi kiasi hicho, ina nguvu zaidi pale ambapo cheo hutolewa na mkubwa kuliko pale ambapo cheo huombwa kwa wadogo. Tofauti hiyo tutaikuta Matinyani pia, ingawa huko mali ilikuwa mifugo wala si mafuta.

Kabla ya kuja kwa Waingereza, Kitui haikuwa na machifu. Kila utui, yaani mtaa wa majirani, ulikuwa na wazee wake wa nzama, yaani baraza, waliosikiliza mashauri na kuamua, na mtu aliyewazidi wenzake aliwazidi kwa ng'ombe, kwa watu waliomfuata na kwa ujasiri wa safari. Mkubwa wa namna hiyo aliyejulikana kupita wote ni Kivoi, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka hadi Mombasa, na ambaye ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf nyumbani kwake Kitui. Huko, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alikiona kilele cha Mlima Kenya kimefunikwa theluji, akawa Mzungu wa kwanza kukiandikia habari zake. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na mmisionari huyo.

Na hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Pembe za bara zilizofika pwani ziliuzwa Unguja, na miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa zama hizo walikuwa wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa wa mji wa Salem, ambao dola yao ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na kuweka balozi mdogo Unguja mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo twakiita merikani, wakachukua pembe, na viwanda vya Connecticut vikazikata vipande vyembamba vya kubandikwa juu ya vibao vya piano. Huenda basi binti wa tajiri fulani wa Boston alijifunza muziki kwa kugusa pembe iliyopita mabegani mwa vijana wa Kitui, na zikawako nasaba mbili, moja huku na moja kule, zilizonenepa kwa ndovu mmoja. Tofauti yao ni kwamba ukubwa wa Kivoi ulikuwa wa mtu mwenyewe. Haukuwa na ofisi, wala muhuri, wala kiti ambacho angeweza kumwachia mwanawe.

Kiti kililetwa na ukoloni. Kwa sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902, na ile iliyoifuata ya 1912, serikali ilijifanyia machifu mahali ambapo hawakuwako, ikawapa mshahara, askari wachache, na kazi ambazo hakuna aliyezipenda ila yule aliyeziamuru: kukusanya kodi ya nyumba, kutoa vijana wa kazi za barabara, kuwaleta watu barazani anapokuja Bwana Diisii, mkuu wa wilaya. Mwenye kodi alihesabiwa nyumba zake moja moja, na asiyekuwa na fedha aliuza mbuzi, na aghalabu bei ya mbuzi wa mtu aliyebanwa na kodi haikuwa bei ya haki. Chifu aliyedumu katika kazi hiyo miaka mingi hakukosa kuwa tajiri. Mwendwa wa Kitavi alidumu, akapewa daraja ya chifu mkuu, akaoa wake wengi, na watoto wake wakawa wengi. Lakini machifu wenye ng'ombe na wake wengi walikuwa tele Ukambani, na majina yao yamesahauliwa. Lililomtenga Mwendwa na wenziwe ni kwamba aliugeuza utajiri wake kuwa karo za shule, akawasomesha wanawe hadi mahali ambapo elimu ya Mwafrika wa wakati ule iliweza kufika, na pengine kupita hapo.

Ngala ndiye aliyetangulia katika siasa. Katika Wizara ya Kazi, ambayo wengi huidhani kuwa wizara ndogo, yalipita mambo yanayomgusa mfanyakazi wa Kenya hata leo: mapatano ya 1964 baina ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kuanzishwa kwa Mahakama ya Kazi, kuundwa kwa shirikisho la COTU mwaka 1965, na katika mwaka huo huo Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF). Karani wa Wote au wa Mwingi atazamapo karatasi ya mshahara wake na kuona mstari wa NSSF umemkata fedha zake kabla hazijamfikia mkononi, anaangalia kazi ya wizara iliyokuwa chini ya mwana wa Matinyani, ajapokuwa hajui. Pamoja na hayo yote, miaka kumi na moja ya uwaziri haikumfaa kitu siku ya kura.

Kisa cha Kitili kina uzito mwingine, nami nitakaa nacho. Maluki Kitili Mwendwa, aliyezaliwa mwaka 1929, alipita Alliance High School na Makerere, kisha akaenda Uingereza kusoma sheria. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1964 akawa Wakili Mkuu wa Serikali, wa pili kwa cheo baada ya Mwanasheria Mkuu, na mwaka 1968, kabla hajatimiza miaka arobaini, Rais Kenyatta akamfanya Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika kiti hicho nchini Kenya. Babu zake waliamua mashauri chini ya mti. Yeye aliyaamua kwa joho jekundu na wigi jeupe la Kiingereza. Katika daraja zile hakuna hata moja aliyoombea kura. Zote alipewa, na kilichopewa hutwaliwa.

Kilitwaliwa mwaka 1971. Katika miezi ya katikati ya mwaka huo, kundi la watu lilishtakiwa Nairobi kwa njama ya kuipindua serikali, nao wakakiri kosa. Katika ushahidi uliotolewa mahakamani yalitajwa majina ya Wakamba watatu waliokuwa na jaha kubwa nchini: Gideon Mutiso, mbunge wa Yatta, Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi, na Jaji Mkuu. Mutiso alishtakiwa, akafungwa. Ndolo aliacha kazi. Kitili hakushtakiwa kwa lolote, wala hakuhukumiwa na mahakama yoyote, ila mwezi wa Julai alijiuzulu, na kiti chake akapewa Mwingereza, James Wicks, aliyekikalia hadi miaka ya themanini. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwahakikishia wengine haki ya kusikilizwa aliondoka bila yeye mwenyewe kusikilizwa mahali popote pa sheria. Wako wasemao kwamba aliondoka kwa hiari; mimi naona kwamba hiari ya mtu aliyetajwa katika shauri la uhaini mbele ya dola yenye hasira ni hiari nyembamba mno.

Ndipo tunarudi kwa Nyiva. Miaka mitatu baada ya mumewe kushushwa, alisimama Kitui Magharibi akashinda, akawa mmoja wa wanawake wachache mno waliochaguliwa mwaka ule, wakati ambapo Bunge lilikuwa limemwona mwanamke wa kwanza aliyechaguliwa, Grace Onyango wa Kisumu, miaka mitano tu iliyotangulia. Ni kawaida ya watu kusema kwamba mwanamke wa namna hiyo amerithi kiti cha mumewe. Hasha! Kitili alikuwa hajawahi kuwa mbunge. Nyiva alikikalia kiti hicho hadi 1979, akakipoteza. Na Kitili alikuja kukipata katikati ya miaka ya themanini, ambapo njaa ya 1984, ile Wakamba waiitayo Nikwa Ngwete, ilikuwa ingali vinywani mwa watu. Mume basi ndiye aliyefuata nyayo za mke. Naye hakukaa: mwezi wa Septemba 1985 alifariki katika ajali ya gari, na katika uchaguzi mdogo nduguye Kyale akakichukua kiti, na baadaye akaingia Baraza la Mawaziri. Mchujo wa chama katika uchaguzi wa 1988 ulikuwa wa mlolongo, watu wakapanga foleni nyuma ya wagombea hadharani, kila mmoja akionekana na jirani yake na chifu pia. Uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kumwambia mwanahistoria mengi juu ya mapenzi ya watu.

Kura za siri ziliporudi mwaka 1992, pamoja na vyama vingi, Nyiva alirudi nazo, kwa tiketi ya chama tawala, KANU. Wanawake sita walichaguliwa katika nchi nzima mwaka huo, na watatu kati yao walitoka katika nchi hii kavu isemwayo kuwa nyuma kwa kila kitu: Nyiva wa Kitui Magharibi, Charity Ngilu wa Kitui ya Kati, na Agnes Ndetei wa Kibwezi, katika wilaya ya Makueni iliyokatwa kutoka Machakos mwaka huo huo. Ngilu na Ndetei walikuja kwa chama cha upinzani cha Democratic. Mwaka 1995 Rais Moi alimfanya Nyiva kuwa Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii, mwanamke wa kwanza katika Baraza la Mawaziri la Kenya tangu uhuru, na mwaka huo huo akauongoza ujumbe wa Kenya katika mkutano wa wanawake wa Beijing. Uwaziri alipewa, kama alivyopewa Kitili ujaji; ila yeye alikuwa na kura chini yake. Mwaka 1997 Francis Nyenze alimshinda. Mwaka 2002 akakirudia kiti. Nyenze naye akaja kukipata tena mwaka 2013, na alipofariki Desemba 2017, mkewe Edith akakishika kwa uchaguzi mdogo wa mwaka uliofuata.

Upande wa Makueni pana nyumba changa zaidi, ambayo haikutokana na chifu. Mutula Kilonzo wa Mbooni, aliyesomea sheria Dar es Salaam, alijitajirisha kwa uwakili, akawa wakili wa Rais Moi, na katika shamba lake la Maanzoni alifuga simba, jambo ambalo hata machifu wa zamani hawakuthubutu. Alifanywa Waziri wa Haki mwaka 2009, na mwaka 2013 akachaguliwa seneta wa kwanza wa Makueni. Hakumaliza hata miezi miwili, akafariki tarehe 27 Aprili. Chama chake cha Wiper kilimtaka binti yake Kethi, wakili ambaye nchi nzima ilikuwa imemwona kwa televisheni akitetea shauri la uchaguzi wa rais mbele ya Mahakama ya Upeo, lakini ikaamuliwa kwamba hakuwa ameandikishwa ipasavyo katika daftari la wapiga kura, akazuiwa. Kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, aliwekwa mahali pake siku chache kabla ya kura, akashinda tarehe 26 Julai. Hapo jina lilifanya kazi kubwa, na si haki kulikanusha. Lakini alipochaguliwa tena mwaka 2017, na alipoupata ugavana mwaka 2022, alikuwa tayari na miaka ya kazi yake mwenyewe ya kusifiwa au kulaumiwa.

Uchaguzi ule wa Machi 2013, uliompa Mutula mzee useneta, ulileta pia kiti kipya cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kinachopigiwa kura na kaunti nzima. Kitui ni nchi ya kilomita za mraba zipatazo elfu thelathini, tangu Kyuso na Mwingi kaskazini hadi Mutomo na Ikutha kusini, na katika sehemu kubwa ya nchi hiyo Chifu Mkuu Mwendwa hakuwahi kumtoza mtu kodi wala kumwamulia shauri. Nyiva Mwendwa, takriban miaka arobaini tangu kura yake ya kwanza, alikiomba kiti hicho kwa watu hao wote, nao wakampa.