Nyuso Zilizobaki Kwenye Kioo

Wengi wakisikia kwamba nakusanya picha za kale hudhani ni za karatasi. Zangu ni za kioo: vipande vinne vyenye ukubwa wa kiganja, nilivyouziwa Kariakoo vikiwa vimefungwa kwenye gazeti, kwa bei ya kioo cha dirisha.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kunasa sura juu ya kioo kilichopakwa dawa mbichi. Mpiga picha alilazimika kumaliza kazi kabla dawa haijakauka. Baadaye vikaja vioo vikavu vya kiwandani, na picha ikawa biashara katika miji yetu ya pwani. Unguja walikuwapo Wagoa, akina Gomes na Coutinho. Dar es Salaam ya Wajerumani alikuwapo C. Vincenti.

Ukiinua kioo cha namna hii mbele ya mwanga, utaiona dunia imegeuzwa: kanzu nyeupe ni nyeusi, na uso mweusi unang'aa kama mwezi. Kioo ndicho mama wa picha, na kutoka kimoja hutoka nakala nyingi. Nakala hizo ziliuzwa kama kadi za posta, nazo zikasafiri hadi Ulaya. Aghalabu chini yake paliandikwa tu "Mwanamke wa Kiswahili". Bei ilijulikana, jina la mpiga picha lilijulikana. Jina la aliyepigwa halikuulizwa.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini jina lisiloandikwa litang'ara vipi?

Fundi mmoja wa Posta alinitolea nakala za karatasi, nikazipeleka kwa wazee wa Kariakoo. Bibi mmoja aliitazama ya mwanamke kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ni bi harusi. Huoni kisutu alichojifunga?" Jina hakulijua. Hata hivyo, "mwanamke" wa kadi za posta alikwisha kuwa mtu mwenye siku yake, na walioicheza ngoma yake.

Unyevu wa pwani hula dawa ya kioo polepole, kuanzia pembeni kuja usoni. Majina hupotea haraka zaidi. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu ipo picha ya zamani, igeuze leo, uandike jina kwa penseli, maadam anayelijua bado yupo.