Jicho ni Amana

Ndugu msomaji, lishike kioo ulitazame jicho lako. Mbele ya ile mboni nyeusi pana utando mwangavu, hauna mshipa wa damu hata mmoja, na unene wake katikati wapata nusu milimita tu. Waarabu wa kale waliufananisha na pembe, wakauita qarnia. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliueleza katika Kitab al-Manazir. Leo twauita konea, na ndio ufanyao sehemu kubwa ya kazi ya kuikusanya nuru.

Kwa asiyeona mbali, nuru hukusanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Wanadamu wakawaza: mbona tusiilaze konea kidogo?

Huko Japani, tangu 1939, Daktari Tsutomu Sato aliichanja konea, hata kwa upande wa ndani. Mwanzo kazi ilionekana njema. Kumbe ndani mna safu moja ya chembe ziyatoazo maji ili konea isivimbe, nazo zikifa hazirudi. Miaka kama 20 baadaye macho mengi yalivimba yakaingia ukungu. Usilolijua ni usiku wa giza!

Mnamo 1983 Stephen Trokel wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa leza yaweza kuikwangua konea bila ya kuiunguza. Mwaka 1995 serikali ya huko ikairuhusu kwa wasioona mbali.

Hata hivyo, konea kwa maumbile yake imebinuka zaidi katikati, na pembeni hulala. Leza iliilaza katikati, umbo likapinduka. Mchana mtu alizisoma herufi zote ukutani. Usiku, mboni ipanukapo, nuru ya pembeni haikukutana na ya katikati, na kila taa ikazungukwa na duara la mwanga. Daktari akasema umepona, naye akaogopa kuendesha gari usiku. Mashine zilizofuata zikatengenezwa zichunge na umbo la pembeni.

Basi, msomaji, kutafuta dawa si kosa. Kosa ni papara. Ukishauriwa wewe au mwanao, uliza: Konea imepimwa umbo na unene? Usiku nitaonaje? Baada ya miaka 20 je? Tabibu amchaye Mungu hachukizwi na swali, na aliye mwaminifu humwambia mwenye konea nyembamba: wewe baki na miwani yako.

Wabillahi tawfiq.