Mshahara wa Kapera: Migomo ya Mombasa na Sheria za Kazi za Mjini

Januari 13, 1947, kazi zilisimama Mombasa. Makuli wa Kilindini hawakwenda bandarini, wafanyakazi wa reli wakaacha kazi, na wahudumu wa hoteli pamoja na wapishi wa majumbani nao wakajiunga. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa karibu majuma mawili, wakikutana kwenye uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Chama chao kilikuja kuitwa African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Walitaka mshahara wa kumtosha mtu mwenye mke na watoto.

Leo dai hilo halina ajabu yoyote. Wakati ule lilitikisa msingi wa hesabu za waajiri wa kikoloni. Mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi mjini alihesabiwa kuwa mtu peke yake: chakula chake, nguo yake, kitanda chake katika chumba cha kupanga. Mke na watoto walidhaniwa wako shamba, wakijilisha kwa jembe. Kwa hiyo shamba ndilo lililobeba sehemu ya gharama za bandari, na hakuna kampuni ya meli iliyolilipa.

Bandarini kwenyewe kazi nyingi ilikuwa ya kutwa. Meli ilipotia nanga, watu walikusanyika asubuhi, serangi, yaani msimamizi, akachagua genge lake, na jioni kila mtu akapokea ujira wake. Mwajiri aliipenda njia hii kwa sababu siku isiyo na meli haikumgharimu kitu. Lakini walikuwapo pia vibarua walioipenda. Mtu aliweza kushusha mizigo siku chache, akapata kodi na posho, kisha akarudi kwenye shamba lake au biashara yake ndogo bila kumwomba mtu ruhusa. Uhuru huo ulikuwa mali, nao ndio uliowaudhi sana maofisa wa serikali, waliotaka nguvukazi inayohesabika na inayotii saa.

Kabla ya mgomo wa 1947, nyumba ndiyo iliyowasha moto. Katikati ya mwaka 1939 wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma wakidai posho ya nyumba, kwa kuwa kodi za vyumba zilikuwa zinakula mshahara. Walipopewa, wengine mjini wakaona njia imefunguka. Mgomo ukasambaa, na mwanzoni mwa Agosti ukafika bandarini. Serikali ikaunda tume chini ya Willan kuchunguza hali ya kazi Mombasa. Tukio hili linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa sababu posho ya nyumba, ambayo Mkenya wa leo huiona kwenye hati yake ya mshahara kama jambo la kawaida, ilipiganiwa mitaani na watu wasiokuwa hata na chama kilichosajiliwa.

Mgomo wa 1947 nao ulizaa baraza la usuluhishi la Jaji Thacker, lililopandisha malipo. Mkono mwingine wa serikali ulimshughulikia Kibachia. Agosti mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, mbali na bahari, akazuiliwa huko kwa takriban miaka kumi. Nyongeza ilitolewa, na mtu aliyewapa wafanyakazi sauti ya kuidai akaondolewa.

Kisha likaja badiliko kubwa zaidi. Makuli waliandikishwa, na katika miaka ya 1950 aliyeandikishwa akatakiwa kufika kazini siku za kutosha kila mwezi, la sivyo jina lake likafutwa. Waliobaki kwenye daftari walipata kazi ya uhakika na kipato bora. Machi 1955 walipogoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alifika kutoka Nairobi kusaidia mazungumzo, na wakapata nyongeza kubwa. Waliokatwa kwenye daftari hawakuwa na meza ya kuketi. Hapo ndipo penye uzito wa historia hii: sheria iliyomjenga kuli wa kudumu ndiyo iliyomfungia lango jirani yake.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi Waafrika wa mijini katika kampuni binafsi walilipwa chini ya mahitaji yao ya lazima. Ilipendekeza mshahara wa chini uache kumpima kapera, upande polepole hadi kufikia mara mbili na nusu ya kiwango hicho, utoshe familia.

Ramani ya wakati ule, ya mji na shamba, bado inaonekana. Agizo la mishahara la Kenya la 2022 lilimpa kibarua wa kawaida shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika miji mikuu kama Nairobi na Mombasa, 14,025.40 katika manispaa za zamani, na 8,109.90 kwingineko. Mavoko, Ruiru na Limuru zimetajwa kwa majina katika daraja la kati. Zote tatu ziko karibu na Nairobi, zina viwanda, na mwajiri aliyehamia huko aliweza kulipa zaidi ya shilingi elfu moja pungufu kwa kila kibarua. Mfanyakazi hununua unga kwa bei ileile.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe makazi ya kufaa au fedha za kodi. Kifungu cha 37 kinamlinda pia kibarua: akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, mkataba wake hugeuka kuwa wa mwezi. Lakini mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi 68 wa kampuni ya chumvi ya pwani, Mahakama ya Rufaa iliona kwamba anayelipwa kwa kipimo cha kazi aliyoifanya si kibarua wa kutwa, na kifungu hicho hakimhusu.