Mpira wa yai ulitua Arusha, Kasulu haukufika

Jumamosi ya Mei 21, 2011, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha ulipata ugeni ambao haukuwahi kuuona. Vijana wa Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines katika jimbo la Iowa, waliingia wakiwa na kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso na mabega yaliyotuna kwa kinga zilizofichwa chini ya jezi. Wapinzani wao walikuwa Wameksiko, kikosi cha nyota wa vyuo binafsi vya nchi hiyo kilichojulikana kwa jina la CONADEIP. Mechi ikaitwa Kilimanjaro Bowl. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu za vyuo kucheza futiboli ya Kimarekani katika ardhi ya Afrika, na Drake wakashinda 17-7.

Miaka 15 imetimia. Hakuna ligi ya kueleweka ya mchezo huo iliyozaliwa Arusha, wala Dar es Salaam, wala huku kwetu Kigoma. Swali la kwa nini linawahusu watu wa Kasulu na Kibondo kuliko wanavyodhani. Uwanja uliochezewa mechi ile una jina la mwana wa Kigoma: Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, na wapenzi wa ushairi wanamfahamu kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Tena, wakati Wamarekani wakijaribu kuleta mpira wao Tanzania, katika Wilaya ya Kasulu alikuwapo mtoto wa miaka tisa ambaye miaka michache baadaye angeupeleka mpira wetu kwao. Nitamfikia.

Simulizi la Arusha tunalipata zaidi kutoka kwa waliolipanga: chuo cha Drake chenyewe na kampuni ya Global Football ya Patrick Steenberge, aliyewahi kuichezea timu ya Notre Dame. Kwa hiyo linavuma zaidi pale wanapotaka livume. Wanasimulia kuwa waliandika historia. Wanasimulia kazi za kujitolea walizofanya kwa watoto yatima, mafunzo waliyotoa kwa watoto wa Arusha, na safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro baada ya mechi. Wanataja watazamaji wanaokaribia 12,000. Kocha wa Drake wakati huo, Chris Creighton, alikuwa akiongoza wachezaji ambao hawalipwi hata ada ya masomo kwa ajili ya kucheza, kwa sababu ligi yao, Pioneer, haitoi ufadhili wa michezo. Vijana wale walikuja kwa moyo, na hilo ni la kuheshimiwa.

Lakini tuitazame siku ile kwa jicho la mkazi wa Arusha aliyeketi jukwaani. Uwanja wa soka ulichorwa mistari ya yadi kutoka goli hadi goli. Timu ina wachezaji 11 uwanjani kama ya kwetu, ila kila umiliki unapobadilika, karibu kikosi kizima kinatoka na kingine kinaingia, kwa kuwa wanaoshambulia si wanaozuia. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9, wakishindwa wanaukabidhi. Kuufikisha mpira ukingoni mwa adui ni pointi 6, kuupiga kwa mguu katikati ya milingoti ni 3. Mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache. Mtu aliyekulia kwenye soka, ambako mpira ukitoka nje kwa nusu dakika watu wanaanza kuguna, anahitaji mtu wa kumweleza karibu kila kitendo. Hata ukimpenda mchezaji fulani humwoni uso.

Kisha jioni ikafika, wageni wakafunga mizigo na kwenda zao mlimani. Sina kinyongo nao. Ila hapo ndipo naona kasoro ya mradi mzima: ilikuja mechi, haikuja shule. Hakuna mchezo uliowahi kuota popote kwa mechi moja, hata ingekuwa tamu namna gani.

Wenye mchezo wao walishalipia somo hilo kwa fedha nyingi huko Ulaya. Mwaka 1991, wamiliki wa NFL, ligi kuu ya Marekani, walianzisha Ligi ya Dunia yenye timu 10, tatu kati ya hizo zikiwa London, Barcelona na Frankfurt. Mwanzo ulikuwa wa kishindo. Juni 9 mwaka huo, fainali ilichezwa Wembley mbele ya watu 61,108, na London Monarchs wakaichapa Barcelona Dragons 21-0. Ungedhani Uingereza imeshanunuliwa. Baada ya msimu wa 1992 ligi ikasimamishwa, ikarudi mwaka 1995 ikiwa ya Ulaya tupu, timu sita. Monarchs waliporudi hawakuwa tena na Wembley. Walipelekwa White Hart Lane, kwa Tottenham, mahali ambapo eneo la kuchezea lilikuwa fupi kiasi kwamba ilibidi wapewe ruhusa maalumu, kwani uwanja kamili wa mchezo huo una urefu wa takriban mita 110 ukijumlisha maeneo ya kufungia. Mashabiki walipungua, na kufikia 1998 timu ikawa imekwisha. Barcelona nao wakafuata, kisha timu ya Uskoti. Kila timu ilipokufa kwingineko, nyingine ilizaliwa Ujerumani: Berlin, Cologne, Hamburg. Kufikia 2007, timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani, na Amsterdam ndiyo iliyosalia nje. Juni 29 mwaka huo, siku sita tu baada ya fainali ya Frankfurt, ligi ilifungwa. Hasara iliyoripotiwa ilikuwa dola milioni 30 hivi kwa msimu.

Kwa nini Wajerumani walibaki na mchezo huo wakati London na Barcelona waliuacha? Jibu halimo katika hesabu za NFL. Ujerumani ilikaa na majeshi ya Marekani miongo mingi, na vijana wa pale waliuona mchezo ukichezwa kambini kabla mfanyabiashara yeyote hajawaletea tiketi. Klabu yao ya kwanza, Frankfurter Löwen, iliundwa mwaka 1977, na ligi ya wenyeji ikaanza 1979. Miaka 12 ilipita kabla ya Ligi ya Dunia kufika. Walikuwapo makocha, walikuwapo wazazi wanaofua jezi zenye tope, walikuwapo watoto wanaojua kwa nini mwamuzi ametupa kitambaa cha njano. Ligi ya mamilioni ilipokufa, ile ya wenyeji iliendelea kuchezwa.

Na Meksiko ndiyo jambo ambalo Arusha ilipaswa kulisikia zaidi siku ile. Watu wengi jukwaani waliwatazama Wameksiko kama wasindikizaji wa Wamarekani, kumbe wao ndio waliokuwa na cha kutufundisha. Meksiko si Marekani, ni nchi ya kabumbu kama yetu, nchi iliyoandaa Kombe la Dunia mwaka 1970 na 1986. Hata hivyo futiboli ya Kimarekani imeishi pale tangu mwishoni mwa karne ya 19, na imeishi kwa sababu iliingia vyuoni. Timu za vyuo vya UNAM na Politécnico zina upinzani wa miaka mingi unaojulikana jiji zima la Meksiko, na wakati ule vyuo binafsi vilikuwa na ligi yao. Mwanafunzi anaikuta timu chuoni, vifaa vinakaa stoo ya chuo, kocha analipwa na chuo, na akihitimu anaacha nafasi kwa mdogo wake. Sikuona mahali popote katika simulizi la Kilimanjaro Bowl ambapo Wameksiko waliombwa kueleza hilo kwa walimu wetu wa michezo. Ilikuwa nafasi ya bure, ikapita.

Sasa tuje huku kwetu Uha, mkoani Kigoma. Soka ilikuja Kigoma pamoja na reli, shule na misheni, na haikuomba kitu. Hadi leo, vijijini Kasulu na Kibondo, mtoto anatengeneza mpira mwenyewe. Kiini ni tambara kuukuu lililoviringwa kwa nguvu, juu yake mifuko ya nailoni ikivutwa moja baada ya nyingine hadi ikaze, halafu kamba ya mgomba au uzi wa gunia unazungushwa na kufungwa kwa mafundo madogo ili usiumize mguu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, watengenezaji hawa wadogo walihamia kwenye viroba. Goli ni mawe mawili. Chandimu inaanza, na wachezaji wakifika sita inatosha, wakifika 30 pia inatosha. Futiboli ya Kimarekani haina ukarimu huo. Bila kofia na kinga za mabega huwezi kuicheza salama, na kofia moja nzuri inauzwa mamia ya dola. Timu inataka seti nzima, na mtoto anakua, kwa hiyo mwakani seti nyingine. Kichwa kikigongwa vibaya anatakiwa daktari pembeni ya uwanja, si zahanati iliyoko kijiji cha tatu.

Katika mazingira hayo ya mpira wa tambara ndipo alipozaliwa Bernard Kamungo, mwaka 2002, katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliotoka Kongo. Mwaka 2016 familia ilipewa makazi Abilene, Texas. Mtu akitaka kujua maana ya mji wa futiboli, aende Abilene. Shule ya sekondari aliyosoma Kamungo, Abilene High, ilicheza mechi 49 mfululizo bila kupoteza kati ya 1954 na 1957, na bado watu wanazihesabu. Mtoto wa Kasulu aliingia katikati ya hayo yote na akaendelea kucheza soka.

Mwaka 2021 kaka yake alimwandikisha kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas. Akachukuliwa. Agosti 6, 2023, FC Dallas ilipokutana na Inter Miami ya Lionel Messi, Kamungo alifunga bao katika sare ya 4-4 ambayo Miami waliimaliza kwa penalti. Aliwahi kuitwa Taifa Stars, ila Januari 20, 2024, mjini San Antonio, alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Hayuko peke yake: Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma kwa wazazi wa Burundi, alipelekwa Australia akiwa mchanga, akasajiliwa na Bayern Munich na kuichezea Australia.

Najivunia vijana hawa, na ninaumia. Kijana aliyebaki Nyarugusu haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo majaribio ya Kigoma mjini kwake ni mbali kama Dallas. Mwenzake wa kijiji cha jirani, raia kamili, anasubiri UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na baada ya hapo hakuna anayemfuata. Mwaka 2023 Mashujaa FC wa Kigoma walipanda Ligi Kuu na mkoa mzima ukafurika Uwanja wa Lake Tanganyika. Huku juu, Kasulu na Kibondo, bado tunacheza kwenye viwanja vya shule visivyo hata na kamba ya kuwatenga watazamaji na mstari.

NFL nayo imebadili njia. Mwaka 2022 ilikuja Accra na 2023 Nairobi, safari hii kutafuta vijana wenye vipaji na kutangaza mchezo, bila kutangaza ligi. Na kuna toleo jepesi la futiboli ambalo Oktoba 2023 liliingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028: wachezaji watano kwa watano, hakuna kofia, hakuna kugongana, na anayemfukuzia mwenye mpira anamsimamisha kwa kuchomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni mwake. Uwanja wake una upana wa yadi 25 tu, na sehemu kubwa ya sekondari za Kasulu na Kibondo tayari zina eneo kama hilo. Vitambaa mafundi cherehani wa sokoni wanaweza kuvishona. Mwalimu wa michezo anayejua sheria zake ndiye ambaye hatujampata, na kumpata kunahitaji mtu wa kumfundisha akae wilayani kwa muhula mzima, kisha mchezo uingizwe katika mashindano ya shule ili watoto wawe na wa kucheza naye mwaka unaofuata.