Historia Iliyokatwa kwa Mkasi

Nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, nyumbani kwetu Muheza, nilichukua mkasi wa mama wa kushonea nikakata stempu kutoka katika barua za baba. Nilizitaka stempu kwa ajili ya albamu yangu. Barua zenyewe sikuzijali. Leo ninafundisha historia chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya karatasi za posta za kale kutoka pande mbalimbali za dunia. Ndipo nilipoelewa nilichokitenda siku ile.

Kwa msomaji asiyezifahamu, karatasi za posta ninazozikusudia hapa ni bahasha, kadi na karatasi za barua zinazouzwa na posta zikiwa zimekwisha kuchapwa stempu. Stempu ya aina hii haibanduki. Anayeitaka peke yake hana budi kuikata. Wakusanyaji wengi wa karne ya 19 walifanya hivyo hasa. Walikata mraba mdogo wenye stempu, wakaubandika kwenye albamu, na bahasha yenye anwani, mihuri na mwandiko wakaitupa. Warithi wao wamejuta. Siku hizi kipande kilichokatwa huuzwa kwa bei ndogo, na mara nyingi bahasha nzima huthaminiwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoeleza nani alimwandikia nani, kutoka wapi, kwa njia ipi na lini.

Chimbuko lake ni mageuzi ya posta ya Uingereza. Kabla ya mwaka 1840, gharama ya barua nchini humo ilipimwa kwa umbali na idadi ya kurasa, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Maskini aliweza kubishiwa hodi na barua ya mwanawe akashindwa kuipokea kwa kukosa fedha. Rowland Hill, katika kijitabu chake cha mwaka 1837, alipendekeza malipo ya awali na bei moja kwa nchi nzima. Tarehe 6 Mei 1840 pendekezo hilo lilipoanza kutumika kwa stempu ya Penny Black, zilitolewa pia bahasha na karatasi za barua zilizochorwa na msanii William Mulready. Mchoro ulimwonyesha Britannia, mwanamke anayewakilisha taifa la Uingereza, akiwatuma wajumbe wenye mabawa duniani kote, huku tembo na ngamia wakisimama upande mmoja. Wananchi waliucheka na kuuchora kwa dhihaka hadi serikali ikaiondoa bahasha hiyo. Dola ilikuwa imeandika majivuno yake juu ya barua za watu, nao walitaka tu kupeleka salamu.

Hatua iliyofuata ilitokea Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, ilipotolewa kadi ya kwanza ya posta, wazo lililotetewa na mwanauchumi Emanuel Herrmann. Kadi iligharimu kreuzer 2, ilhali barua ya kawaida ililipiwa 5. Wapo waliohofu kwamba watumishi na matarishi wangesoma siri za mabwana zao, lakini urahisi wa bei ulishinda. Mwaka 1874 nchi 22 zilitia saini mkataba wa Bern ulioanzisha umoja wa posta wa kimataifa, na karatasi hizo zikaanza kuvuka mipaka kwa utaratibu mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki, uandishi wa barua haukuletwa na posta. Watu wa pwani waliandikiana kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na barua zikasafiri mikononi mwa wasafiri na watu wa kuaminika. Posta ilikuja kama mkono wa dola. Zanzibar ilihudumiwa na posta ya India, na mwaka 1895 karatasi na stempu za India zikapigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu yake. Bara, Wajerumani walichukua kadi zao za pfennig na kuanzia mwaka 1893 wakazipiga chapa ya thamani mpya: "3 PESA", "5 PESA". Neno hilo hilo tunalolitamka kila siku sokoni lilichapwa juu ya stempu za Ujerumani, zikiwamo zenye nembo ya tai. Baadaye tai akaondoka, ikaja meli ya Kaisari, Hohenzollern. Mwaka 1905 pesa nayo ikaondolewa, ikaja heller. Ukizipanga kadi hizo mezani kwa mfuatano wa miaka, unaona utawala ukibadilisha sura yake mbele ya macho yako.

Lakini kadi nyingi za enzi hiyo nilizowahi kuzishika ziliandikwa na Wazungu: maofisa, wamisionari, wafanyabiashara. Upande uliochapwa husema habari za serikali, na upande ulioandikwa husema habari za wageni wake. Sauti ya mwenyeji ni adimu. Sababu mojawapo ni kwamba wao walizitunza barua zao, sisi tukazichoma pamoja na magodoro ya marehemu.

Hapo narudi kwenye mkasi. Katikati ya miaka ya 1970 baba alikuwa masomoni Uingereza. Yeye na mama waliandikiana kwa aerogramu, zile karatasi nyepesi za samawati zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Za mama zilikuwa na stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa posta ilikuwa moja hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Za baba zilikuwa na kichwa cha Malkia. Mtoto wa miaka kumi hakujua kwamba nyuma ya stempu ya aerogramu kuna maandishi. Kila mraba nilioukata uliondoka na sehemu ya muhuri wenye tarehe, na kwa ndani ukaondoka na maneno manne au matano.

Katika barua mojawapo, mama akiwa mjamzito wa dada yangu, baba ameandika: "Akiwa wa kike naomba aitwe", kisha pana tundu. Barua ilichelewa, mtoto alikuwa amekwisha kupewa jina na bibi. Baba amefariki. Nilipomuuliza mama, aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Lilikuwa jina la upande wa kwao, la shangazi yake au la mama yake mkubwa. Sikumbuki. Wewe ndiye uliyelikata." Dada yangu alikuwapo. Hakusema kitu.

Wanafunzi wangu wanaweza kuutaja mkataba wa Heligoland wa mwaka 1890 bila kusita. Wachache wanaweza kusema babu yao alimwandikia nani barua mwaka 1965, wala alitaka nini. Historia tunayoifundisha imekatwa hivyo hivyo: tumeubakiza mraba wenye sura ya mtawala, tumeitupa karatasi. Vyuo vyetu vina wajibu wa kupokea barua za familia na kuzihifadhi zikiwa nzima, za mkulima sawasawa na za waziri. Nawe msomaji, kabla ya kuliwasha moto sanduku la mzee aliyefariki, lifungue.

Barua ile sasa nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Pembeni nimeweka kikaratasi nilichokiandika kwa penseli, kwa ajili ya yeyote atakayeisoma baada yangu: "Imekatwa na mwana wa mwandishi, Muheza, mwaka 1988 hivi. Jina lililokuwapo hapa halijulikani."