Hisa za Maseno: Wakulima na Wachuuzi wa Ufuo wa Ziwa Walivyojihudumia

Huduma za kijamii kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Viktoria zina umri mkubwa kuliko mashirika ya wafadhili ambayo mabango yake yametapakaa kando ya barabara za eneo hilo. Kabla ya reli kufika Kisumu, mji ulioitwa wakati huo Port Florence, mnamo Desemba 1901, Wajaluo walikuwa na saga, yaani utaratibu wa majirani kukusanyika ili kulima au kupalilia shamba la mmoja wao, mwenye shamba akiwalisha badala ya kuwalipa, naye akitazamiwa kwenda kwa wenzake zamu yao ilipofika.

Reli ilileta msaada wa aina nyingine. John Ainsworth, aliyeanza kuliongoza jimbo la Nyanza mwaka 1907, alisambaza mbegu za pamba, ufuta na mahindi, na jitihada zake zilikuza mazao yaliyouzwa nje kupitia Kisumu; lakini serikali haikufanya hivyo kwa ukarimu, kwa kuwa mkulima aliyeuza ufuta ndiye aliyepata fedha za kulipa kodi ya nyumba, na mizigo yake ndiyo iliyojaza mabehewa.

Malalamiko kuhusu kodi, kipande (kitambulisho cha lazima) na kazi za kulazimishwa yalizaa mkutano wa Lundha, Gem, mnamo Desemba 1921, na Chama cha Vijana wa Kavirondo, kilichofahamika zaidi kwa jina la Piny Owacho. Mwaka 1923 uongozi wake ulishikwa na mmishonari Walter Owen, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa na cheo cha akidikoni, na chama kikageuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, ambacho wanachama wake walihimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Ni rahisi leo kuvicheka vita hivyo dhidi ya panya, ila tauni ilikuwa imekwisha kuushambulia mji wa Kisumu zaidi ya mara moja, na Owen mwenyewe hakuacha kuwasuta maofisa wa serikali kuhusu kazi za kulazimishwa. Hata hivyo, madai ya kisiasa yalipungua makali, na mwanakijiji akabaki mtu wa kufundishwa.

Badiliko kubwa lilitokea Maseno, si mbali sana na Kisumu, ambako wamishonari walikuwa wamefungua shule mwaka 1906. Oginga Odinga, aliyesoma hapo kabla ya kwenda Alliance na Makerere, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo ya Maseno katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha alianza kuwashawishi Wajaluo waweke akiba pamoja, kwanza kwa chama kidogo cha Bondo na kisha kwa Shirika la Akiba na Biashara la Wajaluo, maarufu kama LUTATCO, lililosajiliwa mwaka 1947. Mtaji ulipatikana kwa kuuza hisa, yaani sehemu za umiliki ambazo hata mtu wa kipato kidogo aliweza kuzinunua, na Odinga alisafiri hadi miji mingine ya Afrika Mashariki kuwatafuta wanahisa miongoni mwa Wajaluo waliofanya kazi huko. Shirika lilifungua duka Maseno na kumiliki kiwanda cha uchapaji, Ramogi Press, kilichochapisha magazeti ya lugha za Kiafrika.

Ugumu ulikuwa mwingi. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Sheria ya kikoloni ilizuia kudai mahakamani deni kubwa alilokopeshwa Mwafrika, kwa hiyo wauza bidhaa hawakuwa tayari kumkopesha. Tena mtaji mdogo ulitawanywa katika shughuli nyingi mno. Anayeipima LUTATCO kwa gawio, yaani fedha wanazogawiwa wanahisa kutokana na faida, hatapata mengi ya kusifu. Ubora wake ulikuwa penginepo: mkulima aliyeingia katika mkutano wake aliingia kama mwenye mali, akiwa na haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, na swali hilo hakuwa amezoea kumwuliza mkuu wa wilaya wala mmishonari. Si ajabu kwamba Odinga, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, alikuwa amejijengea wafuasi kwanza kupitia biashara.

Baada ya uhuru, haki hiyo ya wanahisa ya kuuliza haikuwa kigezo cha miradi mikubwa. Katika skimu ya umwagiliaji ya Ahero, iliyoanza katika uwanda wa Kano mwishoni mwa miaka ya 1960, maji yalivutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando, na wakulima walilima mpunga kwa leseni chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, bila kumiliki vishamba vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umekwama, na skimu ikahitaji kufufuliwa. Kijiji cha Milenia cha Sauri, Siaya, kilichoanzishwa mwaka 2004 kwa mawazo ya mwanauchumi Jeffrey Sachs, kiliongeza mavuno ya mahindi kwa mbolea na mbegu bora, lakini bajeti yake ilipangwa mbali na kijiji hicho. Wakati huo wote wanawake wanaouza omena na mboga waliendelea na nyoluoro, mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea fungu lote siku yake ikifika, bila kungoja mfadhili.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka kilimo na vyama vya ushirika miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Mkulima wa Ahero na mchuuzi wa soko la Kibuye mjini Kisumu wanaotaka kujua fedha za mradi zimekwenda wapi wana haki ya kuliuliza bunge hilo, nao waitumie kabla bajeti haijapitishwa.