Ujazo na Ujazo Ghushi

Katika istilahi ambazo biashara ya vyombo vya elektroniki imetuletea pasipo kutupa nafasi ya kuzitafakari, mojawapo ni ile inayotaja kiasi cha data kinachoweza kutiwa ndani ya flashi, memori kadi, simu au diski ya nje. Wafasiri wengi huiita "uwezo wa kuhifadhi", na wenye maduka huuliza tu "ya ukubwa gani?", ilhali watu wa kawaida, ambao aghalabu hawaombwi rai yao katika mambo haya, wakifikwa na jambo lenyewe hawatumii hilo la kwanza wala hili la pili, bali husema "simu imejaa". Katika kitenzi hicho ndimo limo jina "ujazo", ambalo kila mwanafunzi amelizoea katika hesabu za matangi na ndoo, nami naona ndilo linalostahiki kazi hii. "Uwezo" ni neno pana mno, kwani hubeba nguvu na wepesi na mamlaka kwa pamoja, na mushtari akiambiwa kwamba kadi ina uwezo mkubwa hajui kama ameambiwa kuwa inapokea vitu vingi au kuwa inaviandika upesi. Waarabu wameunda jina la kipimo hiki kutoka katika mzizi ule ule uliotupatia "wasaa", lakini wasaa kwetu umekwisha kuelekea kwenye muda na faragha, na si rahisi kuurudisha.

Haja ya kulipima neno hili kwa makini inatokana na hadaa ambayo imeenea sana katika ununuzi wa mtandaoni. Hutangazwa flashi ya terabaiti 2, au diski ya terabaiti 16, kwa bei ambayo haitoshi kununulia hata sehemu ndogo ya kumbukumbu hiyo kwa muuzaji mwaminifu; mushtari huagiza, mzigo hufika, naye akikichomeka chombo katika kompyuta yake huiona kompyuta yenyewe ikimthibitishia kwamba terabaiti alizolipia zimo. Hapo moyo wake hutulia, na kutulia huko ndiko kunakomponza, kwa maana kompyuta haikupima kitu. Imeuliza tu, ikajibiwa, ikaliandika jibu.

Anayejibu ni kidhibiti, chombo kidogo kilichomo ndani ya flashi, ambacho kazi yake ni kusimamia chipu za kumbukumbu na kusema kwa niaba yake. Kumbukumbu ya namna hii, ambayo Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliitangaza mwaka 1984, hushika data kwa kunasa chaji ya umeme katika seli ndogo mno zisizohesabika kwa macho, na chaji hiyo hubaki hata umeme ukikatwa. Idadi ya seli hizo huwekwa kiwandani, wala hakuna amri ya programu iwezayo kuziongeza. Lakini idadi kinayoitamka kidhibiti ni maandishi tu, na maandishi hubadilishwa. Basi ayari huchukua chipu ya gigabaiti 8 au 16, akaiandika upya programu ya ndani ya kidhibiti, na tangu hapo chombo hicho kikiulizwa ujazo wake hutamka terabaiti 2 bila kusita.

Yanayofuata yanahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo yanayowaliza watu. Muda ambao data iliyotiwa haijavuka ujazo wa kweli, kila kitu huenda sawa: picha hufunguka, nyimbo huimba, na mwenye mali humsifu muuzaji. Mpaka huo ukivukwa, kidhibiti hakikatai, kwa sababu kukataa kungeufichua uongo. Vingine huzitupa data mpya huku vikijibu kuwa zimepokewa salama. Vingine huzirudisha mwanzo na kuziandika juu ya zile za zamani, hata faili la leo likamfuta jirani yake wa mwezi uliopita. Lakini majina ya mafaili, tarehe zake na ukubwa wake hukaa katika faharasa ambayo kwa kawaida huandikwa mwanzoni mwa chombo, mahali ambapo seli za kweli zipo, na kwa hiyo mtu huiona orodha kamili ya picha za harusi ya dada yake, akibonyeza moja asipate ila nusu picha na rangi ya kijivu, au asipate kitu kabisa. Fundi hawezi kumfaa, kwa kuwa data zilizotupwa hazikupotea kutoka mahali fulani; hazikupata kuandikwa popote.

Wazee wa pwani walilijua kosa hili katika nafaka, na walikuwa na kitenzi chake, kupunja. Mwenye pishi iliyoinuliwa kitako alimpunja mteja, na sura ya 83 ya Kurani huanza na onyo kwa watu wa namna hiyo. Hata hivyo aliyepunjwa mchele alirudi nyumbani na mchele pungufu, akala ule uliopo. Aliyepunjwa ujazo hukabidhi amana zake, akaambiwa zimepokewa, na hasara yake huzidi thamani ya chombo mara nyingi.

Mwaka 2022 palitokea mfano ulioandikwa sana: diski iliyotangazwa kuwa na terabaiti 30 ilipofunguliwa ilionekana kuwa na kadi mbili ndogo zilizogandishwa kwa gundi juu ya bodi. Wengi walijiuliza ilikuwaje bidhaa kama hiyo ikawa na sifa njema za wanunuzi. Jibu ni kwamba sifa huandikwa katika siku za kwanza, chombo kikiwa bado kitupu, na uongo wa ujazo haudhihiriki ila kwa kujaza. Mpaka siku ya kujaza ifike, muda wa kurudisha bidhaa aghalabu umekwisha.

Inafaa hapa kuitenga tofauti moja isiyo ya hiyana, maana wauzaji walaghai hujificha nyuma yake. Viwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na baadhi ya kompyuta huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ndiyo sababu mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Umeme na Elektroniki iliweka jina la gibibaiti kwa hesabu hii ya pili, ingawa wengi hawalitumii. Kwa hiyo kadi halali ya gigabaiti 64 inaweza kuonekana kuwa na 59.6, na diski halali ya terabaiti 1 kuwa na gigabaiti 931. Pengo hilo ni la takriban asilimia 7 likihesabiwa kwa gigabaiti na 9 likihesabiwa kwa terabaiti, pamoja na nafasi ndogo inayochukuliwa na faharasa. Anayekuambia kwamba gigabaiti 8 zilizopatikana mahali pa terabaiti 2 ni "tofauti ya hesabu" anakudanganya mara ya pili.

Kipimo cha haki kipo, nacho ni kuandika mpaka chombo kijae, kisha kusoma yote yaliyoandikwa na kuyalinganisha. Programu ya H2testw, aliyoiunda Harald Bögeholz wa jarida la c't la Ujerumani, hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 ya Michel Machado hufanya hivyo kwenye Linux na Mac. Zote hutolewa bure. Kazi hiyo huchukua saa nyingi kwa chombo kikubwa, na ni lazima ifanywe chombo kikiwa kitupu, siku kinapofika, kabla ya kukiaminia chochote.

Sasa, bidhaa hii tuiiteje? Wengi husema "feki", na wasemao kwa adabu zaidi husema "bandia". Lakini bandia huelekea kwenye nembo na asili ya kitu. Yamkini kadi ikawa ya nembo ya kuigwa na ujazo wake ukawa kamili, na yamkini flashi isiyo na nembo yoyote ikatamka ujazo wa uongo. Watanzania wana "kuchakachua", neno lenye nguvu lililovuma kwa mafuta yaliyochanganywa, ila hapa hakuna kilichochanganywa. Kilichofanyika ni kuandika tamko la uongo ndani ya kidhibiti, na Kiswahili kina kitenzi cha maandishi ya namna hiyo, nacho ni kughushi, ambacho kwa asili yake ya Kiarabu kilihusu udanganyifu katika bidhaa na katika matumizi yetu kikahamia kwenye hati. Maana zote mbili zinakutana katika flashi hii, na kwa hiyo napendekeza tuseme "ujazo ghushi", tukiutofautisha na "ujazo halisi" unaopatikana kwa kupima na "ujazo uliotangazwa" ulioandikwa kwenye kasha.

Faida yake huonekana siku ya kudai haki. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha wateja, lakini anayeandika "mmeniuzia flashi feki" humpa muuzaji njia ya kujibu kwamba hakutaja nembo yoyote, ilhali anayeandika "flashi hii ina ujazo ghushi: uliotangazwa ni terabaiti 2, halisi uliopimwa ni gigabaiti 7.5", akaambatisha matokeo ya kipimo, ametaja kosa, kiasi chake na ushahidi wake katika sentensi moja.